Kivuli na Mwenye Kivuli

Wasomaji wapenzi, yako maswali ambayo mtu huyajibu upesi kwa kuwa alifundishwa jibu lake shuleni, kisha hukaa siku nyingi akijua moyoni mwake ya kuwa aliyemwuliza hakujibiwa. Mimi nimepata swali la namna hiyo, na kwa kuwa nadhani si langu peke yangu, naliandika hapa ili tulitazame pamoja.

Mwaka uliopita, mwezi wa Oktoba, mashamba yamekwisha kufyekwa na watu wa kwetu Mabwerebwere wakizingoja mvua za vuli, mjomba wangu aliniita nyumbani kwake. Wasomaji wa Kilosa wajua ya kuwa kwetu sisi, kama ilivyo kwa Wakaguru, Wasagara na Waluguru, mtu ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba si neno la kupuuzwa. Akaniambia kwamba wazee wamekubaliana kufagia makaburi na kutambika, na kila mpwa aliye na mshahara ametajiwa fungu lake. Langu mimi ni mbuzi mmoja.

Nikamjibu upesi, "Mjomba, mimi ni Mkristo. Sadaka za damu zimekwisha. Mbuzi wa tambiko sitoi."

Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mpwa wangu. Lakini wewe mwenyewe ulitusomea msibani habari ya watu waliochinja kondoo wakapaka damu milangoni, ukasema ni habari njema. Nieleze basi: kondoo wa watu wale ana nini, ambacho mbuzi wetu hana?"

Nikamwambia ya kuwa kondoo yule alikuwa kivuli cha Kristo. Akauliza, "Na mbuzi wetu, ni nani aliyemnyima kivuli?" Nikaaga, nikaenda zangu sina neno.

Basi kwanza tuulize, kivuli ni nini? Jioni, jua likiwa mgongoni mwa mtu ajaye kwetu, kivuli chake hutufikia kabla yake. Aliyeketi barazani akitazama chini hukiona, akajua ya kuwa mtu yuaja. Labda ajua pia kwamba amechukua mzigo kichwani au jembe begani, lakini uso wake hauoni. Mgeni akiisha kufika, hapana mtu asemaye na kivuli. Twamtazama mwenyewe usoni. Wala hatusemi ya kuwa kivuli kilikuwa uongo. Kilisema kweli, kwa kadiri ya kivuli.

Ndivyo Waraka kwa Waebrania unavyosema juu ya sadaka za Torati, ya kuwa zilikuwa kivuli cha mema yatakayokuja. Naye Paulo awaandikia Wakolosai neno lililo karibu na hilo. Tangu siku zile Wakristo wamevisoma vitabu vya kale kwa njia hii. Melito, askofu wa Sardi katika karne ya pili, alihubiri juu ya Pasaka, akamwona Kristo katika mwana-kondoo wa Misri, tena katika Isaka aliyefungwa. Origene wa Aleksandria, katika karne ya tatu, alimtazama Isaka akipanda mlima na kuni za kuteketezwa kwake mwenyewe, akaona mfano wa Kristo achukuaye msalaba wake. Sisi tuliosoma shule za misheni tulipokea mafundisho hayo tungali wadogo, nasi twayasema bila kufikiri, kama tusemavyo hesabu za kuzidisha.

Lakini njia hii nzuri ina mashimo mawili kando yake. La kwanza, mtu aweza kukitazama kivuli upesi mno hata asione habari yenyewe. Amtaja Isaka, mara amekwisha kufika Golgotha, wala hakusimama hata kidogo mlimani pamoja na yule mtoto. La pili ni baya zaidi: mtu aweza kuwadharau wenye habari, akisema, "Kivuli ni chao, mwili ni wetu." Melito huyo huyo, katika hotuba ile ile, aliwasema Wayahudi maneno makali mno juu ya kifo cha Bwana. Dharau ya namna hiyo ilikaa katika makanisa ya Ulaya karne nyingi, nayo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatengenezea njia watu waliowaua Wayahudi karibu milioni 6 katika vita iliyokwisha mwaka 1945. Habari ya Mwana-kondoo iligeuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia watu wa ukoo wa Mwana-kondoo. Yafaa tulikumbuke jambo hili kila tunapotaja neno kivuli.

Kwa hiyo na tuzisome habari zenyewe kwanza, polepole, ndipo tuulize kivuli chake chaelekea wapi.

Tuanze na Ibrahimu. Aliambiwa amtoe mwanawe. Akaamka alfajiri, akapasua kuni, akaenda safari ya siku tatu. Mtoto akauliza neno ambalo hapana baba awezaye kulisikia bila kutetemeka: moto upo, kuni zipo, kondoo yu wapi? Baba akajibu ya kuwa Mungu atajipatia mwenyewe. Kisu kikainuliwa, sauti ikakizuia, na kondoo dume akaonekana amenaswa pembe zake kichakani. Wayahudi husoma sura hii katika sikukuu yao ya mwaka mpya na kupiga pembe ya kondoo. Jirani zetu Waislamu humkumbuka Ibrahimu katika Idi kubwa, ingawa wengi wao husema ya kuwa mwana yule alikuwa Ismaili. Sisi Wakristo twaona humo Baba asiyemzuia Mwanawe. Nyumba tatu zimekaa kando ya moto mmoja, kila moja ikiota kwa upande wake.

Sasa tazameni, habari yenyewe yasemaje? Yasema ya kuwa kisu kilizuiwa. Baba aliyekuja kutoa mtoto alirudi na mtoto wake, na kilichokufa alikitoa Mungu. Asomaye habari hii akaona ndani yake ruhusa ya kumweka mtoto juu ya kuni, ameisoma nusu. Nawajua wazazi walio Wakristo waliomtoa binti shuleni ili aolewe, mahari ipate kulisha nyumba. Nao walipoulizwa walisema ya kuwa kila nyumba yataka sadaka, hata Ibrahimu alitoa. Naam, Ibrahimu alijaribiwa. Lakini neno la mwisho aliloambiwa ni asimnyoshee kijana mkono. Mzazi mwenye kusema hivyo amesimama mahali pa Ibrahimu, masikio yake yakawa hayasikii sauti ya pili.

Habari ya pili ni Pasaka. Kila nyumba ya Waisraeli iliambiwa itwae mwana-kondoo mume wa mwaka mmoja, asiye na kilema. Nyumba yenye watu wachache ishirikiane na jirani. Achinjwe jioni ya siku ya 14, damu ipakwe miimo ya mlango, nyama iliwe usiku ule pamoja na mboga chungu, watu wamevaa viatu na fimbo mikononi. Wala mfupa wake usivunjwe. Yohana, aelezapo kifo cha Bwana, akumbusha neno hilo la mifupa, ili msomaji asikose kuona ni mwana-kondoo gani.

Hapa pia twakimbilia kivuli, tukasahau ya kuwa waliokula chakula kile walikuwa watumwa. Sadaka ile haikutolewa ili kumtuliza Mungu mwenye njaa. Ilikuwa chakula cha safari cha watu watokao utumwani. Nchi yetu yaweza kuelewa jambo hili kuliko nchi nyingi. Njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika Usagara, na katika njia hiyo walipita watu wenye kongwa shingoni. Wengi wa watumwa wa pwani waliishia soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali pale pale pa soko, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi wake. Mapokeo ya kanisa lile husema ya kuwa altare imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwapigia watumwa mijeledi. Mtu aliyesimama mbele ya altare ile hahitaji kuelezwa sana kivuli cha Pasaka. Mahali watu walipotoleana damu kwa ajili ya fedha, sasa huadhimishwa damu ya Mmoja aliyejitoa mwenyewe ili watu wawe huru.

Habari ya tatu ni ya mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho, katika kitabu cha Mambo ya Walawi. Walipigiwa kura, mmoja akachinjwa, na wa pili Haruni akamwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake makosa ya watu wote, kisha akapelekwa nyikani akiwa hai. Waraka kwa Waebrania watukumbusha ya kuwa Bwana naye aliteswa nje ya mlango wa mji, na Wakristo wameona kivuli chake katika mnyama aliyefukuzwa na mizigo isiyo yake.

Habari hii ndiyo iliyo karibu sana na vijiji vyetu, nayo yatutisha, maana sisi nasi tunaye mbuzi wa nyikani. Mvua zikichelewa, mtoto akifa ghafula, biashara isipoendelea, watu hutafuta kichwa cha kuwekea mikono. Mara ni mwanamke mzee asiye na mtu, macho yake mekundu kwa moshi wa jiko miaka sitini, wakasema ni mchawi. Na katika nchi yetu hii, tangu mwaka 2007 hivi, zilienea habari za watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Ziwa, kwa kuwa waganga waliwaambia wenye tamaa ya mali ya kuwa viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Watu husema, "Fulani ametolewa kafara," na neno limekuwa jepesi vinywani, kama kwamba lataja kuku. Wazee walisema kweli ya kuwa mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Na mwenye kutoa kafara hutoa sikuzote mwili wa mwingine, usio wake.

Angalieni sasa mtu mmoja katika Injili aliyeyasema mambo hayo kwa uwazi. Kayafa, kuhani mkuu, alisema ya kuwa yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, taifa zima lisiangamie. Yohana aandika ya kuwa alitabiri asipojua. Maneno yake na imani yetu yakaribiana hata mtu aogope: sisi nasi twasema mmoja alikufa kwa ajili ya wengi. Tofauti yao i wapi? Kayafa alisema habari ya kufa kwa mwingine, yeye mwenyewe akibaki salama. Bwana alisema ya kuwa hapana mtu amwondoleaye uhai wake, bali autoa mwenyewe. Tofauti ni hiyo moja, nayo ndiyo dini yote. Mtu anayemtoa mwingine ni Kayafa, hata akivaa msalaba shingoni.

Sasa nadhani tumeanza kuona kivuli chaelekea wapi. Mlimani Moria, mtoto aliwekwa juu ya kuni, naye akaondolewa. Misri, mnyama alichinjwa ili watumwa waende zao. Nyikani, mnyama alichukua kosa lisilo lake. Kisha wakaja manabii, wakasema maneno ambayo makuhani hawakupenda kuyasikia. Samweli alimwambia Sauli ya kuwa kutii ni bora kuliko kondoo waume. Amosi alisema ya kuwa Mungu amezichukia sikukuu zao, kwa kuwa haki haitelemki kama mto. Hosea alisema Mungu ataka rehema. Mika aliuliza kama atoe maelfu ya kondoo, au hata mzaliwa wake wa kwanza, akajibu ya kuwa Mungu amekwisha kuonyesha lililo jema: haki, rehema na unyenyekevu. Kila habari yalisukuma swali mbele: mnyama hatoshi, mtoto hatakiwi, ni nani basi atolewe? Na swali hilo halikupata jibu mpaka alipokuja mtu aliyesema, "Mimi."

Wayahudi wenyewe walisikia swali hilo kwa namna yao. Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70, sadaka za wanyama zilikoma. Mwalimu wao mmoja, Yohanan ben Zakkai, alipoona mwanafunzi wake akililia mahali pa upatanisho palipobomoka, alimfariji kwamba bado wanayo njia nyingine iliyo sawa nayo, yaani matendo ya huruma, akimkumbusha neno la Hosea. Wasamaria wachache wangali wakichinja kondoo wa Pasaka kila mwaka mlimani Gerizimu. Wayahudi wengine husali na kutenda rehema. Hatusomi Maandiko kama wao, lakini tusiseme ya kuwa walibaki na kivuli kitupu. Walijifunza katika msiba jambo ambalo sisi twalihubiri na mara nyingi hatulitendi.

Nirudi sasa kwa mbuzi wa mjomba wangu. Swali lake lilikuwako muda mrefu kabla yetu, nalo liliwasumbua hata waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Usambara, alitoa Biblia nzima kwa Kiswahili mwaka 1937. Alitaka kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu; kwa hiyo mahali wengine walipoandika dhabihu, yeye aliandika tambiko, na kuhani akamwita mtambikaji. Tafsiri ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 ilishika dhabihu na kuhani, nayo ndiyo iliyoenea. Lakini mtu akifungua kitabu cha Roehl aona ya kuwa Haruni na babu yetu wameitwa kwa jina moja. Wengine waliona ni hatari. Mimi naona ya kuwa Roehl, akitaka asitake, aliliandika swali la mjomba katika kila ukurasa wa Mambo ya Walawi.

Nami sasa nikiulizwa, kondoo wa Waebrania ana nini, nitajibu hivi: hana kitu. Waraka kwa Waebrania wasema waziwazi ya kuwa damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Nguvu haikuwa katika manyoya yake wala katika kabila la aliyemchinja. Mungu aliwashika mkono watu wale, akawatoa hatua kwa hatua katika kuridhika na kondoo. Kivuli kilionekana katika kupungukiwa kwao. Na babu zetu, walipopanda kaburini na unga na pombe na mnyama, hawakuwa wapumbavu. Walijua ya kuwa uhai si mali yao, ya kuwa wamekosana na waliotangulia, na ya kuwa amani ina gharama. Maarifa hayo ni ya kweli, wala sitayacheka tena. Lakini hitaji likiisha kutimizwa, kurudi kwa mnyama ni kama kusema na kivuli, mgeni mwenyewe akiwa ameketi mkekani.

Hapo ningaliweza kuweka kalamu chini, kama isingalikuwapo habari ya kwanza ya sadaka katika Biblia, ambayo nimeiacha makusudi hata mwisho. Kaini alikuwa mkulima, Habili mchunga kondoo. Wote wawili walileta sadaka. Kisha ndugu akamwua ndugu yake shambani, na damu ikalia kutoka katika ardhi. Sadaka ya kwanza iliyoandikwa ilifuatwa na mauaji ya kwanza.

Sisi wa Kilosa hatuwezi kuisoma habari hii kama habari ya mbali. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika wilaya yetu hii, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi, mifugo na mashamba. Katika kitabu cha Mwanzo mkulima ndiye aliyeua. Rudewa waliokufa ni watu wa kijiji cha wakulima. Naandika hivyo ili pasiwe mtu asemaye ya kuwa Maandiko yamelaani kazi fulani au kabila fulani. Yaliyolaaniwa ni mauaji. Tangu siku ile nimesikia watu wazima, tena wabatizwa, wakisema ya kuwa damu ile bado yadai, na ya kuwa waliokufa hawatalala mpaka upande wa pili nao ulie.

Ndugu zangu, hilo nalo ni tambiko. Mwenye kulipiza kisasi amewatambikia wafu wake kwa mwili wa mwingine ili watulie. Tena ni tambiko baya kuliko lote la babu zetu, kwa kuwa wao walileta mbuzi. Ikiwa mimi namkatalia mjomba wangu mnyama mmoja kwa jina la Kristo, kisha moyoni naikubalia damu ya mtu, nimechuja mbu nikameza ngamia, nami sina haki ya kumfundisha mjomba neno lo lote. Waraka kwa Waebrania wasema ya kuwa damu ya Yesu yanena mema kuliko ya Habili. Damu ya Habili yadai hukumu, na kudai hukumu ni haki. Wauaji wapelekwe mbele ya sheria, na mipaka ya mashamba na malisho ikatwe kwa haki, maana bila hayo amani ni maneno matupu. Lakini damu ya pili yaongeza neno moja: asiongezwe mwingine juu ya kuni. Imetosha.

Siku chache baadaye nalirudi kwa mjomba. Nikamwambia, "Shikamoo, mjomba. Nimekuja na jibu." Nikamweleza kama nilivyoandika hapa. Kisha nikamwambia ya kuwa makaburi nitafagia pamoja nao, kwa kuwa kuwaheshimu wazazi ni amri. Unga na pombe vikiletwa nitasimama kando. Mbuzi sina, lakini najua ya kuwa shamba lake la bondeni halijalimwa na mgongo wake wauma, basi nitakuja na jembe siku tatu, mimi mwenyewe, wala si kibarua.

Akacheka, akasema, "Mbuzi angalikuwa rahisi, mpwa wangu."

Nalilima siku tatu. Wazee walitambika kama walivyokusudia, na mimi sikukubaliana nao, wala wao hawakukubaliana nami. Siku ya tatu jioni mjomba aliniletea maji ya kunywa ukingoni mwa shamba, akaketi chini ya mwembe, akaniuliza kama ni kweli ya kuwa yule Bwana hakumlaumu hata aliyempiga misumari. Nikasema ni kweli. Akanyamaza kitambo kirefu, akasema, "Huyo ni mgumu kumfuata." Sikuwa na la kuongeza.

Basi, wasomaji wapenzi, msomapo habari yo yote ya sadaka, msikimbilie kusema hiki ni kivuli cha kile. Ulizeni kwanza: ni nani aliyewekwa juu ya kuni, na ni nani aliyemweka? Kisha jiulizeni katika nyumba zenu, katika baraza za vijiji, na katika ugomvi wa mashamba na malisho: sisi leo tunamweka nani? Ajibuye swali hilo kwa kweli, akaenda akachukua jembe lake mwenyewe, huyo amekiona kivuli na mwenye kivuli.